Iniversite si duka la pointi

Wandugu vijana wa Kalemie, wa Nyunzu, wa Manono, wa Moba, wa Kabalo na wa Kongolo, na nyinyi wenye muko Lubumbashi ao Kinshasa lakini roho ingali huku kwetu Tanganyika:

Kila mwaka, matokeo ya Ekzetat yakitoka, tunasikia wakubwa wanarudilia neno lile lile: vijana njo tumaini la inchi. Wanalisema kwenye radio, wanalisema kanisani siku ya kushukuru, na wakati wa kampeni wanalisema mpaka sauti inakauka. Watoto wenye wamepita wanajipaka poda nyeupe kichwani, wanazunguka muji wakiimba, wamama wanapiga vigelegele. Poda haijatoka bado kwenye nywele, hesabu inaanza: iniversite sasa, na feza gani?

Mimi niko mutoto wa Niemba. Nimemaliza mwaka wa kwanza, ule tunaita L1. Nimepita, ninasema hivyo juu ya wale watasema ninaandika na hasira ya kuanguka. Chuo chenye ninasoma sitakitaja. Si woga. Ukitaja chuo kimoja, vingine vinapiga makofi na kusema "si sisi", na mambo inaishia pale. Huu ugonjwa hauna adresi moja. Ulizeni wenzetu wa Bukavu, wa Kisangani, wa Kananga, muone kama watashangaa.

Tuanze na njia, juu mutu wa Niemba kila kitu chake kinaanza na njia. Reli yenye inapita kwetu ilifika kwenye ziwa mwaka 1915, wakati Kalemie bado inaitwa Albertville. Wabeleji waliijenga juu ya kubeba mali, na mpaka leo ni mali njo inapanda vizuri. Mutu anapanda juu ya mali. Tarehe 12/09/2019 treni la mizigo lilianguka Mayibaridi, hapa hapa katika jimbo letu, na watu wenye walikuwa wamepanda wakakufa. Walikuja wakubwa, wakasema pole, wakaenda. Wanafunzi wa vijiji vya reli wanasafiri namna ile ile mpaka leo, na sanduku moja, na mufuko wa unga, na feza ya minervali imeshonewa ndani ya nguo. Ukifika Kalemie na miguu yako miwili, unasema aksanti Mungu, njo unaanza kutafuta chumba.

Sasa feza yenyewe. Mama analima karanga na mihogo. Karanga zake anauza kwa franka. Chuo kinahesabu kwa dola. Katikati ya franka ya mama na dola ya chuo kunakaa kambisti na kiti chake cha plastiki, na bei ya siku ile anaijua yeye. Mavuno hayaongezeke juu dola imepanda. Mufuko wa karanga unabakia mufuko wa karanga. Kwa hiyo mwaka wenye dola inapanda, mutoto wa mulimaji analipa zaidi kwa masomo yale yale, katika oditwari ile ile yenye benchi zimevunjika, na hakuna mutu wa Leta mwenye anaona pale kuna shida. Katiba yetu ya 2006 inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure, na tangu 2019 serikali inajivuna kwa bure hiyo kila mahali. Vizuri. Lakini yule mutoto wa darasa la kwanza atakua. Atafika Ekzetat. Kisha? Munamufungulia mulango wa kwanza, munamufungia wa mwisho.

Na minervali peke yake ingekuwa afazali. Kuko feza ya kujiandikisha. Kuko feza ya kadi. Kuko feza ya laboratware yenye sisi wa promosyo yetu hatujaonyeshwa hata mulango wake. Kuko feza ya kuandikisha jina kwa ekzame, na ukianguka kozi mbili, kuko tena feza ya sesio ya pili. Zingine unalipa banki na unapata karatasi. Zingine unalipa mukononi, na ukiomba resi unaangaliwa kama mutu mwenye ametukana. Mimi niliomba resi mara moja. Niliulizwa: "Wewe uko mutoto wa nani?" Angalieni vizuri hilo swali. Halisemi "hakuna resi". Linauliza kama nyuma yangu kuko mutu mwenye anaweza kuwasumbua. Kama hakuna, basi huna haki ya karatasi.

Hapo tunafika kwenye silabusi, na hapa nitakaa kidogo, juu hii njo kiini cha kila kitu.

Kwa wenye hawajafika iniversite: silabusi ni manota ya kozi, imepigwa fotokopi, imebanwa na pini mbili. Asistanti anaileta, anaipa shefu wa promosyo, na pamoja nayo analeta listi. Ukinunua, jina lako linaandikwa. Usiponunua, haliandikwe. Hakuna mutu anakulazimisha, wanasema. Ila siku ya ekzame ile listi iko kwenye meza, pembeni ya karatasi za ekzame. Haisemi kitu. Iko tu pale. Na wiki mbili kisha, kote zikitoka, kila mutu anaenda kutafuta jina lake katika listi mbili na anajionea mwenyewe kama kuna mufano kati yazo.

Wizara ya elimu ya juu na ya iniversite imekataza kuuzisha silabusi kwa nguvu. Imeandika, imerudia kuandika, katika maagizo yake ya masomo. Kwa hiyo musituambie ni sheria yenye inakosekana. Sheria iko. Chenye kinakosekana ni mutu mumoja, hata mumoja, mwenye amepoteza kazi juu ya kuivunja.

Na mungejua chenye tunanunua! Ile ya kwanza yenye nililipa, ukurasa wa mbele ulikuwa na mwaka mupya, umeandikwa na mashini, safi. Ndani yake Kalemie bado ilikuwa katika Jimbo la Katanga. Katanga iligawanywa mwaka 2015: Tanganyika, Haut-Lomami, Lualaba, Haut-Katanga. Mutoto mwenye alizaliwa karibu na siku hizo sasa yuko anamaliza shule ya msingi, na mwalimu wake anamufundisha majina ya majimbo 26. Sisi wa iniversite tunalipa juu ya kurudishwa nyuma. Tuliponyoosha mukono kusema hivyo, jibu lilikuwa: "Kwa ekzame, andikeni kama vile iko katika silabusi." Oditwari nzima ilicheka. Siku ya ekzame, wengi waliandika Katanga.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 inchi nzima imeingia katika LMD. Kwa karatasi, ni kitu kizuri kabisa. Mwaka una kredi 60, miaka mitatu unapata licence na kredi zako 180, na ndani ya kila kredi kuko saa za mwalimu na saa zako wewe mwenyewe: kusoma, kutafuta, kuandika. Mwanafunzi anaacha kuwa chupa ya kujazwa. Lakini ili mwanafunzi atafute, lazima kuwe mahali pa kutafutia. Ukiondoa biblioteke, ukiondoa kurasi, ukiondoa intaneti, LMD inabakia herufi tatu tu. Wanafunzi wameshazipa maana yao: Lipa Mingi Daima.

Nitoe mufano wa kweli. Kozi moja ilituomba kazi ya binafsi juu ya historia ya mahali pa kwetu. Nilifurahi, nikaandika "Niemba" kwenye telefone. Wakatoka askari wa Ireland. Tarehe 8/11/1960, askari 11 wa Umoja wa Mataifa, wote watu wa Ireland, walishambuliwa na vijana Baluba karibu na daraja la muto Luweyeye. Watu 9 walikufa, 2 wakapona. Kwao wanawakumbuka mpaka leo, na ni haki yao, juu wale walikuwa watoto wa watu, walitumwa mbali katika vita yenye hawakuielewa. Hata jina Baluba liliingia katika maneno ya watu wa kule kama tusi la kumwita mutu mushenzi. Mimi nilikuwa ninatafuta kitu kingine. Nilitaka kujua juu ya watu wa Niemba wenyewe wa mwaka ule, wakati jandarmeri ya Katanga ilikuwa inachoma vijiji vya Baluba kaskazini: nani alikimbia, nani alirudi, soko lilikuwa wapi. Sikupata ukurasa hata mumoja. Nilienda biblioteke ya chuo. Iko na kabati mbili na kufuli moja, na mwenye funguo alikuwa ameenda kwenye matanga.

Njo nikafanya chenye kila mutoto wa kwetu anaweza kufanya: nikapiga simu kwa tate wangu kijijini. Aliongea karibu saa nzima, nikiongeza yuniti mara mbili. Nikaandika kurasi saba. Nilipewa pointi 9 kwa 20, na pembeni imeandikwa: hakuna kitabu chenye kimetajwa. Rafiki yangu alinunua kazi yake tayari kwenye kioski ya fotokopi mbele ya chuo, historia ya mahali hata hatoki. Alipata 14.

Kuko watu watasema: "Muwahurumie waalimu, nao wanateseka." Tunajua. Tunajua kuko maasistanti wenye wanafundisha miaka na miaka na jina lao halijaingia kwenye listi ya mishahara kule Kinshasa. Mutu kama huyu anakula nini? Anakula silabusi. Watoto wake wanakula silabusi. Mimi simuchukie, na kuko siku nilimuona mumoja wao anatembea kwa miguu kutoka ng'ambo ya Lukuga, jua la saa saba, na mukoba wake chini ya mukwapa, nikamuonea huruma kweli. Lakini tuseme wazi: mwenye amemunyima mushahara ni Leta, na mwenye anachunwa ngozi ni mama yangu mwenye analima karanga. Asistanti na mwanafunzi wako upande mumoja wa hii vita, na yeye amechagua kupiga mwenye yuko karibu naye juu yule mwenye kosa yuko mbali na ana walinzi. Siku maasistanti watashuka barabarani kudai mishahara yao, sisi tutakuwa mustari wa mbele pamoja nao. Tunawangojea. Mpaka siku hiyo, musiuzishe watoto wa masikini pointi zao wenyewe.

Na wale wenye hawana feza ya kununua wanaombwa nini? Wasichana wanajua jibu. Wavulana nao wanajua, ila wanalifanya kuwa michezo. Kwenye kampusi za inchi yetu kuko jina la kuchekesha juu ya pointi zenye musichana "anapata" kwa njia hiyo, kila mutu analijua, silirudilie hapa. Ninachukia lile jina kuliko kitendo chenyewe karibu, juu kicheko njo kinafanya kitendo kiendelee. Mwenzetu mumoja wa L1, mwenye alikuwa anatushinda wengi katika mahesabu, alirudi kwao kabla ya sesio. Aliambiwa kote yake "haionekane", na aje kuitafuta jioni. Hakuenda. Kote haikuonekana mpaka leo. Kwao waliambiwa alianguka. Kwenye oditwari watu walisema: "Angeongea vizuri na mukubwa tu." Angeongea vizuri! Wandugu wanaume, hebu tusikie masikio yetu wenyewe.

Sheria namba 06/018 ya tarehe 20/07/2006 inasema mutu mwenye anatumia mamlaka ya kazi yake ao vitisho juu ya kupata mwili wa mwingine anastahili kufungwa tangu mwaka mumoja mpaka miaka 12, pamoja na amande. Haisemi "isipokuwa kama yuko profesere". Haisemi "isipokuwa kama musichana alivaa sketi fupi". Imetimiza miaka mingi hii sheria, wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa ao tulikuwa tungali mugongoni, na bado musichana wa L1 hajui ataipelekea nani malalamiko yake. Kwa shefu wa departema mwenye anakunywa na yule yule mutu kila ijumaa?

Kuko kitu kingine chenye mwaka huu umenionyesha, na hiki hakitoki kwa waalimu, kinatoka kwetu. Wiki ya kwanza, mbele mutu hajakuuliza unasoma nini, anauliza: "Uko mutu wa wapi?" Ukisema Niemba: "Ah, kule kwa mishale." Kisha unavutwa katika kikundi cha watoto wa kabila lako, unalipa mchango, unapewa "mukubwa" wa kukulinda siku ya ubatizo wa wageni, siku ile wanatunyoa na kutupaka matope. Na ukiingia humo, unaanza kusikia maneno juu ya wale wengine. Mimi ninatoka mahali maneno ya namna ile yalizaa vita. Tangu 2013, Watwa na Baluba walichinjana katika Manono, Nyunzu na Kalemie. Mwaka 2016 na 2017 ilizidi: vijiji vilichomwa, shule zilichomwa, watu wakakimbilia muji wa Kalemie, wakajaa Kalunga, Katanika na kwingine, watoto wakilala chini ya majani. Februari 2017 wakubwa walifanya mukutano wa amani pale Kalemie, wakapiga picha. Picha ni nzuri. Wale wenye walikuwa na miaka kumi na moja katika zile kambi, leo njo wangepaswa kuwa pamoja nasi kwenye benchi.

Wako wapi?

Mwaka muzima, katika promosyo yetu yenye watu hawatoshee benchi, sikumuona Mutwa hata mumoja. Sisemi walifukuzwa mulangoni. Hawakufika mulangoni. Katiba, kifungu 51, inaipa Leta kazi ya kulinda makabila yakae pamoja kwa amani na kusaidia vikundi vyenye viko zaifu. Tarehe 15/07/2022 ilitiwa saini sheria nzima juu ya haki za watu wa asili kama Watwa. Tuliifurahia. Lakini kama iniversite ya Tanganyika inaweza kumaliza mwaka bila Mutwa mumoja ndani ya oditwari, na hakuna profesere hata mumoja mwenye anauliza kwa nini, basi tunatengeneza wakubwa wa kesho wenye hawajawahi kuketi na Mutwa kama mutu wa rika lao. Kisha tutafanya mukutano mwingine wa amani, tupige picha zingine.

Nimerudi Niemba likizo. Baba mudogo alinisikia ninaongea hivi na vijana pale karibu na stesheni, akaniita pembeni. Akasema: "Mutoto, tulikutuma kusoma, hatukukutuma kufanya politike. Kamata kwanza diploma, kinywa utafungua kisha." Ninamuheshimu baba mudogo. Ameuza mbuzi wake wawili juu yangu. Sikumujibu kwa makelele. Nilimuomba ruhusa, nikamuelezea, na ninarudilia hapa, juu najua wazazi wengi wanasema vile vile.

Inchi hii ilipata uhuru mwaka 1960 na watu wenye diploma ya iniversite hawakufika 30. Lovanium ilikuwa imefunguliwa 1954 tu. Wale wachache wenye walisoma kisha hawakungojea diploma juu ya kufungua kinywa. Tarehe 4/06/1969 wanafunzi walitoka barabarani Kinshasa wakidai bourse ya kutosha na nafasi katika uongozi wa chuo. Askari wakawapiga risasi. Mwaka 1971 wenzao walipotaka kuwakumbuka, Mobutu aliwaingiza jeshini kwa nguvu, kisha akaunganisha iniversite zote kuwa moja, UNAZA, ili azishike na mukono mumoja. Ilidumu kumi, mpaka 1981. Tarehe 24/04/1990 alitangaza mwisho wa chama kimoja, dunia ikamupigia makofi. Na usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 mwezi wa tano, wiki mbili tu na kitu, wanafunzi walichinjwa kampusi ya Lubumbashi. Serikali ikakubali mufu mumoja. Hesabu ya kweli inabishaniwa mpaka leo. Baba mudogo alinyamaza pale, juu 1990 alikuwa Lubumbashi, kijana wa kubeba mizigo, na kuko mambo anajua.

Kwa hiyo wakisema iniversite si mahali pa politike, wanasahau nani aliingiza bunduki ndani ya iniversite. Sisi hatuna bunduki. Hatutaki. Wenzetu wa 1969 walidai bourse. Miaka zaidi ya 50 imepita na sisi tuko tunadai resi. Angalieni tumeshuka mpaka wapi: hatuombe tena Leta itupe feza, tunaomba karatasi yenye inaonyesha kwamba imetwaa zetu.

Na wale wenzetu wenye wanasema "mimi natafuta diploma tu, nitoke": utoke uende wapi? Na diploma gani? Mutu mwenye ananunua kote za udaktari leo, kesho atakuwa na kisu mukononi na mama yako kwenye meza. Mwenye analipa juu ya kupita sheria, kesho atakuwa hakimu na utamukuta akikungojea na listi yake. Tunashangaa daraja linavunjika mbele halijazinduliwa, kumbe injenia wake alipita katika oditwari kama yetu. Nyinyi wenye muna wazazi wa kulipa, hii inawahusu sawasawa na mimi. Pointi yenye ulistahili na pointi yenye ulinunua zina bei moja kwenye soko la kazi, na mwenye kuajiri anajua, njo maana anaichukua diploma yako, anaigeuza nyuma na mbele, anakuuliza: "Uko mutoto wa nani?"

Sasa tufanye nini. Katiba yetu, kifungu cha 27, inampa kila Mukongomani haki ya kuandikia mamlaka ombi, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu katika miezi 3. Kisomeni, ni kifupi. Tutaandika ombi moja, kwa gavana wa Tanganyika, na kopi kwa waziri wa elimu ya juu na ya iniversite. Hatutaandika maneno makubwa. Tunataka feza zote za masomo zibandikwe kwenye ukuta mbele ya kujiandikisha, kwa franka, na bei isibadilike mpaka mwisho wa mwaka. Kila feza ipite banki na itoe resi. Yenye haina resi isidaiwe. Silabusi ziwekwe bure kwenye telefone za wanafunzi, na mwenye anataka ya karatasi atapiga fotokopi yake kwenye kioski. Karatasi za ekzame zisahihishwe bila jina, kwa namba tu, kama vile Ekzetat inafanya. Hapo ile listi ya meza itakufa yenyewe. Kuwe ofisi ya kupokea malalamiko ya wasichana, yenye haiongozwe na mwalimu wa chuo kile, na yenye iko na njia ya kufika kwa parke. Na watoto wa Watwa na wa familia zenye zilikimbia vita wasamehewe minervali, ile mwaka wa kwanza kwa kuanzia.

Hakuna hata kimoja hapo chenye kinaomba dola milioni. Namba kwenye karatasi ya ekzame inagarimu kalamu. Wakikataa, wasiseme feza haiko.

Tunajua wataangalia majina. Njo maana tunataka majina yawe mengi, na yachanganyike: wavulana na wasichana, Baluba, Watabwa, Baholoholo, Watwa, Wabembe, wenye walipita na wenye walianguka. Usisaini juu ya rafiki yako, asaini mwenyewe. Shefu wa promosyo asilazimishe mutu. Tumelazimishwa vya kutosha. Wazazi nao wanaweza kusaini, na mwenye hajui kuandika ataweka kidole, wino tutaleta sisi. Baba mudogo wangu ameomba kwanza asomewe yote kwa Kiswahili, polepole, na akasema atafikiri. Tunamungojea.

Karatasi zitaanza kuzunguka masomo yakifunguliwa. Niemba zitakuwa stesheni siku ya treni, na sokoni. Kalemie, kila chuo kitakuwa na watu wawili, musichana na mvulana, wenye mutawaona na karatasi mukononi mbele ya mulango, nje ya lango la chuo ili wasitufukuze. Andika jina, promosyo na saini. Namba ya telefone si lazima. Siku barua itapokelewa na kupigwa muhuri, tutaweka picha ya ule muhuri hapa, na tarehe yake, na kutoka siku hiyo tutakuwa tunahesabu miezi 3.